Harusi Yako Kwenye Hesabu ya Magari

Wee bibi harusi, uko wapi? Usinipigie, nimejificha chooni ofisini.

Nilikuwa nawaeleza wafadhili kwa nini barabara kuu ipanuliwe iwe njia nne. Nikawaonyesha hesabu ya magari ya Jumamosi ile, najitapa kweli.

Mama mmoja wa upande wao, mpole, akauliza, "Mbona saa tisa magari yameongezeka ghafla hivi?"

Nikamjibu, "Mji unakua." MJI UNAKUA! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Akaomba video ya kamera ya kuhesabia ioneshwe ukutani.

Mwenzangu, ni msafara wa harusi yako.

Gari lako la maua likapita. Likapita tena. Na tena! Mara nne, eti mpiga picha anatafuta mwanga mzuri, na wewe kwa kuringa hujambo. Magari sitini, mara nne, yote tumeyahesabu.

Na ni nani yule aliyejitoa dirishani hadi kiunoni, anapunga mtandio na kupiga vigelegele? Mkurugenzi akaangalia ukutani. Akaniangalia mimi. Akarudi ukutani.

Yule mama akasema taratibu, "Kweli, mji unakua." Chumba kizima kikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Fedha hawajatunyima. Ila tuhesabu upya Jumamosi hii, nao watakuwepo kando ya barabara.

Kwa hiyo nakuomba shoga yangu, hata ukikosana na shemeji vipi, usiolewe tena kabla ya Jumapili.