Jaketi Alilovaa Shemeji

Al-Malqa, Riyadh

Dada yangu mpendwa Truphena,

Pokea salamu na pole zangu. Natumai wewe na watoto mnapata usingizi japo kidogo, na kwamba mama mkwe wako ameanza kula. Mimi mwili ni mzima.

Yanipasa kwanza nikueleze maana ya kitu kimoja. Jaketi la kuokolea, katika merikebu za matanga, lilikuwa vipande vya gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, vilivyoshonewa ndani ya turubai na kufungwa kifuani kwa kamba, ili baharia aliyeanguka majini aelee kichwa kikiwa juu. Lisiloelea si jaketi la kuokolea, hata lifanane nalo kwa kila mshono.

Kafili wetu, bosi wangu na wa marehemu mumeo, hukusanya vifaa vya namna hiyo. Mimi huvikarabati hapa nyumbani kwake. Alvin alikuwa dereva wake kule Jeddah. Mwezi uliopita nilikabidhiwa jaketi ambalo gome lake lote lilikuwa limeliwa na wadudu. Nililitoa, nikajaza gundi ngumu iliyochanganywa na unga wa chokaa, nikashona kamba mpya. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kila kilichobadilishwa kiandikwe kwenye jalada, na kitambulisho kishonwe kwenye kifaa chenyewe. Jalada niliandika. Kitambulisho bosi alikikataa, akisema kinaharibu sura, nami nikaona jalada linatosha. Lilibaki kabatini mwangu, kilomita mia tisa kutoka Jeddah.

Alhamisi iliyopita bosi alialika wageni kwenye boti yake, mbali kidogo na pwani ya Jeddah. Akawaambia kwamba jaketi lile lina miaka mia na hamsini, halijaguswa, na linaelea hadi leo. Mgeni mmoja akacheka, akataka ushahidi. Bosi akasema yalla, nani atatuonyesha? Alvin akajitokeza na mzaha wake wa kila siku: kwamba sisi Wajaluo tumezaliwa majini, ilhali yeye mtu wa Nyeri huogopa hata karai la kuogea, lakini kitu kilichopita mikononi mwa shemeji yake angekivaa avuke nacho mpaka Sudan. Wote wakacheka.

Alizama wima. Boya la kisasa lilirushwa mahali ambapo hakuwepo tena. Wapiga mbizi walipomtoa, vidole vyake vilikuwa vimeshikilia fundo la zile kamba mpya.

Uliambiwa kwamba aliteleza, na kwamba hakujua kuogelea. La pili ni kweli. La kwanza alilitunga bosi, nami nikalitia sahihi kama shahidi. Dada, bosi alikuwa amenichukua hadi Jeddah pamoja na vifaa vyake; nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Alvin, na nilijua. Kusema kungemwaibisha kafili mbele ya wageni, na ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, iko mkononi mwake. Tangu Alvin afunge kamba hadi aruke, zilipita kama dakika mbili. Neno moja lingetosha.

Jeneza litafika Nairobi Jumanne. Mimi sikuruhusiwa kulisindikiza. Nimeambatanisha nakala ya jalada. Mpe wakili umtakaye, wala usinihurumie. Wasalimie Hannah na mdogo wake, na umshike mama mkono kwa niaba yangu.

Jambo moja sijalipatia jibu. Kabla ya kuruka, Alvin alinigeukia, akanitazama. Je, alikuwa akiniuliza, au alikuwa ameshaniamini?

Ndugu yako,
Danson Omondi