Kumpiku Haitham Ndani ya Eda

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku ya arobaini ya eda. Mvua tangu asubuhi. Nimekunja kanzu ya Ijumaa ya mume wangu Moosa, nikaikunjua, nikaikunja tena. Mfukoni mna punje mbili za iliki. Zake za kutafuna dukani.

Haitham kaja, mdogo wake marehemu. Kaongea nyuma ya pazia.

"Shemeji, we tulia tu. Kontra ya kupanga duka inaisha tarehe kumi. Mi nitaenda kwa mwenye nyumba."

Kwa jina la nani? nikauliza.

"Jina! Kati ya ndugu jina ni nini?"

Duka lile la mtaa wa Asiatique — miaka kumi na tisa, Moosa akipima vitenge, mimi nikikata. Likienda, mimi na binti yangu Wafa tutaishi na nini?

Jumanne, 4 Novemba

Wafa kampigia simu Mama Geneviève, mwenye nyumba, kule Kinanira. Kumbe Haitham kamwambia eti kwa dini yetu mjane haonwi na mtu wala hatii saini mpaka eda iishe! Mama wa watu kaamini. Hata pole aliogopa kuniletea, kaniambia kwenye simu. "Nilizani nitakuharibia dini, mwanangu."

Wafa anataka tukamfokee baba yake mdogo. Apana.

Nimekumbuka karata zetu za alasiri, mimi na Moosa mkekani. Natupa mfalme kwa majivuno, naye anashusha ree polepole: "Nimekupiku, Ghanima!" Na kile kicheko chake cha puani.

Wafa kauliza: kupiku si ndiyo kudanganya? Nimefikiri sana. Mdanganyifu huficha karata. Anayepiku huishusha mbele ya macho yako, na ni kubwa kuliko yako. Ila humsubiri mwenzake aweke kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwandikia Haitham: lete karatasi zako za duka Jumamosi saa kumi. Kajibu mbio: "Sawa shemeji! Ni saini moja tu ya kukubali niliandikishe duka." Furaha hiyo!

Mama Geneviève naye atakuja saa hiyo hiyo. Haitham hajui.

Mimi pia naficha karata.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwandikia Haitham tena. Mama Geneviève atakuwepo.

Kasoma.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama Geneviève kafika kabla ya saa, na ndizi, na machozi. Kaleta kontra. Jina halijajazwa. Kasema hataandika kabla Haitham hajarudia maneno yale ya dini mbele yangu. Nimepika chai kwa iliki zile mbili. Sikutaka zibaki tu.

Saa kumi na dakika ishirini. Gari la Haitham liko nje, mashine haijazimwa. Haingii. Haondoki. Wafa yuko dirishani, ananong'ona: "Mama, bado yuko!"

Nimeingia chumbani mara moja kuchukua kalamu. Ni hii ninayoandikia.

Nasikia mlango wa gari ukifunguka —