Waliokuwa Mwituni Hawakuulizwa

Jumatano, 8 Juni 1955. Kwihara

Nimeficha jambo moja tangu mwaka wa malale. Serikali ilitaka kuwahamisha watu wa mwitu wa Ipole kwa sababu ya mbung'o waletao ugonjwa huo. Mimi, karani, nikatumwa niwaulize kama wanakubali. Sikuwauliza. Niliuliza wengine. Kisha nikarudi barazani kwa bwana DC, nikasema: watu wamekubali.

Basi. Nimeliandika. 

Padri alikuja jana. Nikaungama uvivu wa sala na ukali wangu kwa marehemu mke wangu. Hili nikalimeza. Kifua kimejaa maji, sidhani nitaona mvua za mwaka huu.

Ngollo kaja asubuhi na asali, kama kila siku. Mlangoni tu: Karani, bado upo? Basi nimekosa ubwabwa wa matanga! Nikacheka mpaka nikakohoa damu. Yeye ni mmoja wa waliohamishwa. Yeye ndiye anayenilisha kwa kijiko.

Alhamisi, 9 Juni

Mjukuu wangu Eustadia anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Ana maswali ya mfano, ya kupima akili tu. Ananisomea kwa sauti ili nisisinzie. La leo: mtu alisimama stesheni ya Tabora, akawauliza abiria wanapenda nini zaidi, garimoshi au lori. Karibu wote wakasema garimoshi. Akakata shauri kwamba watu wa Tabora wanapenda garimoshi. Kosa lake ni nini?

"Aliwauliza wachache, babu."

Hapana! Hata angeuliza mwaka mzima. Mwenye kupenda lori yuko kwenye malori, hayuko stesheni. Nikamwambia asihesabu waliojibu. Atafute kwanza nani hakuwapo.

Akanitazama kwa furaha. "Babu, umelijua upesi hivyo!"

Upesi. Mungu wangu.

Jumamosi, 11 Juni

Swali jingine. Mganga aliwauliza wagonjwa waliorudi kumshukuru kama dawa yake inaponya. Wote wakasema inaponya. Eustadia akacheka kabla sijafungua mdomo — waliokufa hawakurudi kumshukuru, babu!

Ngollo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakoroga asali katika uji wangu. Akasema mtihani huo hata yeye angeushinda. Kisha uso ukabadilika. "Na sisi je? Walisema watu wamekubali. Watu gani? Wanaume wote tulikuwa kambini tunarina asali. Kijijini alibaki mmoja."

Jina hakulitaja. Halitaji kamwe. Ni Mahona, mdogo wake wa tumbo moja. Alianguka mtini akitundika mzinga, akavunjika mguu, ndiyo maana alikuwa nyumbani. Wanaume waliporudi na asali yao walikuta amri imekwisha kutoka. Mama yao alibebwa kwa machela. Alikufa huko kwenye makazi mapya kabla mahindi ya kwanza hayajakomaa.

Eustadia akasema, lakini babu Ngollo, mtu mmoja si kijiji.

"Huyo mmoja alitosha. Wanawake walimwona amekaa na Karani, wanakunywa maji. Aliapa hakukubali. Nani angemwamini?" Akanigeukia, akanifuta kidevu. "Wewe sikulaumu. Ulipeleka ulichoambiwa."

Ulichoambiwa! Nikafumba macho, wakadhani nimelala.

Jumapili, 12 Juni

Kengele ya misa. Sikuweza hata kuketi.

Miaka yote nimejidanganya kwamba kambi za asali zilikuwa mbali, na kwamba nilikuwa na homa. Uongo. Nilichagua Juni kwa makusudi. Kila mtu wa huku anajua Juni wanaume wa mwituni hawako nyumbani. Bwana alitaka jibu la aina moja, na mimi nilitaka kuwa karani mkuu.

Nikauliza watu wa njia kuu, ile ya misafara ya zamani. Wenye maduka, mafundi cherehani, wauza chumvi. Nyumba zao hazingehamishwa, na makazi mapya yangewekwa karibu nao. Shomari mwenye duka, marehemu sasa, alipiga makofi: waje, waje hata kesho, kaniki za kuwauzia ninazo! Wote wakasema ndiyo. Wengi kabisa. Wote abiria wa stesheni.

Kwa Mahona nilikaa kidogo tu, nikanywa maji. Hilo naliacha.

Jumatatu, 13 Juni

Saidi, dereva wa lori la asali, kaleta habari kutoka Ipole. Mahona, aliyerudi kuishi huko, yuko taabani. Anamwomba kaka yake aende wapatane. Lori linarudi huko Jumatano.

Ngollo aliisikia habari hiyo hapa hapa kitandani kwangu, kijiko mkononi. "Siendi. Kama ananiita, amwite na mama."

Eustadia akampigia magoti. Ngollo akamwambia usinililie mimi, mwanangu, ulilie mtihani wako.

Nilifungua mdomo. Nikasema: maji.

Maji! Ndilo neno nililolipata. Mwoga mimi. Mwaka ule ule wa malale Ngollo alinijia kuniuliza ndugu yake alisema nini, nikamjibu mambo ya serikali hayasemwi nje. Leo hakuna bwana wala serikali ya kunizuia. Kipo kijiko. Nikisema, atakiweka chini. Na nani mwingine anakuja katika nyumba hii?

Jumanne, 14 Juni

Sikula. Miguu imevimba.

Eustadia, bila kuinua kichwa: "Babu, yule mtu wa stesheni. Hakujua, au alijua?"

Nikamwambia mtihani hauulizi hilo.

"Nauliza mimi."

Jumatano, 15 Juni

Lori liko barabarani, Saidi anapiga honi. Nimemtuma Eustadia amwite Ngollo, amwambie nakata roho. Pengine si uongo.

Nasikia fimbo yake uani. Anamfokea Saidi: zima honi yako, kuna mgonjwa humu! Naandika haraka. Ulimi ulinitoroka juzi, acha mkono utangulie.

Niliandika kwamba sikuwauliza watu wa mwituni. Nusu yake ni uongo. Nilimwuliza mmoja. Alikuwa amelala juu ya ngozi, mguu umefungwa vijiti. Nilidhani mtu mwenye maumivu hatakuwa na nguvu ya kubisha. Akaagiza niletewe maji kwanza. Akangoja ninywe. Akasema: "Hapana, Karani. Mama yetu hawezi safari hiyo."

Nikamshukuru kwa maji. Jibu lake sikulipeleka kokote.

Mlango. "Karani, nasikia leo unakufa kweli?" Anavua viatu. Kijiko kiko mfukoni mwake, kama siku zote.

Nitaanza hivi: Mahona alikataa.