Kwa Piedade, aliyewatambua chaza kwa nyayo

Mwaka umetimia, Piedade, tangu uingie mtoni asubuhi ile kutafuta chaza, na usirudi nyumbani kwa miguu yako.

Agnelo wetu alikuwa anarudi kutoka melini. Beseni la chaza lilikuwa tayari jikoni, wanatema mchanga kwenye maji ya chumvi, nami nikakwambia wanatosha. Ukanicheka. "Wanamtosha nani, baba Agnelo? Wewe peke yako unawamaliza, halafu mtoto alambe maganda?" Ukachukua kikapu ukatoka. Hayo ndiyo ya mwisho uliyoniambia.

Wewe hukuwatafuta kwa macho. Maji kiunoni, sketi umeifunga, ulikuwa unawapapasa kwa nyayo huku unapiga soga na wenzako. Fungu lile la mchanga ulionyeshwa na mama yako ungali mtoto. Ulipime kwa fimbo kwa nini? Jirani yetu Kristalina alikuwa nyuma yako. Anasema ulikuwa unacheka, ukapiga hatua, na fungu halikuwepo. Wachimba mchanga walikuwa wamelichota kwa mashine wakaacha shimo.

Tuliporudi kutoka makaburini chaza wako walikuwa bado hai besenini, wanafunua na kufumba maganda. Agnelo akawarudisha mtoni. Hakuweza hata kuwatazama.

Na si kwamba wakubwa hawakuambiwa. Wewe mwenyewe ulikwenda ofisi ya kijiji na wanawake wenzako, mkajibiwa kwamba mashua za mchanga hazijulikani ni za nani. Hazijulikani! Injini zake zinaamsha kijiji kizima, ila wao tu hawazisikii. Siku ya mazishi mwenyekiti akaja na shada, akanishika bega. "Mzee Inas, ni mapenzi ya Mungu." Nikamwambia mbele ya padri, "Mungu hana mashine ya kuchota mchanga, bwana. Wenye mashine ni rafiki zako." Padri akakohoa. Najua ungenifinya.

Shimo lipo mpaka leo. Mashine nazo zipo. Kina Kristalina sasa wanaingia na fimbo, wanapima kila hatua, na hakuna anayepiga soga tena. Tunayasema haya gazetini ili mama mwingine akilala humo, mtu asije akasema hakujua.

Tunakumbuka ulivyowasugua chaza mmoja mmoja kama unaogesha watoto wa shule. Bakuli la kwanza halikuwa letu hata siku moja. Lilikwenda kwa yule bibi asiyeona wa nyumba ya nyuma, na maganda umeyatoa yote asijikate. Sufuriani hukutia hata tone la maji. Kitunguu, pilipili mbichi, nazi juu, basi. "Wana maji yao," ulisema, "wewe wape moto tu."

Na mimi na uroho wangu nilikuwa nafunua kifuniko kabla hawajaiva, nawe unanichapa mkono kwa mwiko. "Acha mvuke ufanye kazi, mzee! Ukiwachungulia wanaona haya, hawafunguki." Watoto wanacheka, na mimi najifanya nimeumia.

Wiki iliyopita Jasinta, binti yetu, aliwapika, mara ya kwanza tangu utuache. Nyumba nzima ikanukia wewe. Nikafunua kifuniko mapema, makusudi, nikauacha mkono pale juu ya mvuke. Nikangoja. Agnelo ndiye aliyekuja kuuondoa, umeshaungua. "Baba," akasema, "hayupo."

Unaliliwa na mimi mumeo Inas Furtado, wanao Agnelo na Jasinta, Kristalina na wanawake wote wa mtoni, na bibi wa nyumba ya nyuma, ambaye bado anauliza bakuli lake liko wapi.

Kila sufuria itakapofunikwa katika nyumba hii, Piedade, utakumbukwa, siku zetu zote.