Salamu za Bibi

Fort Lee, New Jersey
9 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Daegu, na Bibi anaendeleaje na miguu? Mimi na Mama hatujambo.

Ada uliyotuma imefika. Bwana Whitaker, wakala tunayemlipa anisaidie kupata chuo, amenipangia kazi ya kujitolea: kila Jumamosi namsomea gazeti Bi Kowalski kwenye nyumba ya wazee. Ndiyo, Baba, tunalipa ili nijitolee. Usicheke, vyuo vikubwa vinapenda.

Mwambie Bibi kiangazi hiki siji. Mwakani, nikishapata chuo, nitalala kwake mwezi mzima.

Mwanao, Seoyul

Daegu
20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nasi hatujambo. Bibi anakusalimu sana. Masikio yake yamedhoofika, ndiyo maana hapokei simu. Usihangaike kumpigia, salamu nitafikisha mimi. Anasema ule vizuri na umtunze huyo mzee wenu.

Baba yako

Fort Lee
3 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mbona barua zako fupi siku hizi? U mzima kweli?

Insha ya kuombea chuo nimeandika habari za Bibi, anavyonimenyea viazi vitamu vya kuchoma huku vidole vinamuungua. Bwana Whitaker akaisoma, akasema, "Nzuri, ila haina uzito. Tukisema amefariki, itawaliza."

Nilimwambia bibi yangu yu hai na ananisubiri, siwezi kumzika ili nipate chuo. Mama aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi.

Msomee Bibi barua hii kwa sauti kubwa.

Mwanao, Seoyul

Fort Lee
28 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari.

Chuo kimenikubali. Mama alipoona jibu alilia, kisha akaniambia Bibi alifariki mwanzoni mwa Julai, mkaamua nisijue mpaka nimalize maombi ya chuo, kama wanavyofichwa misiba watahiniwa wote huko nyumbani. Najua mlinionea huruma. Hata hivyo nina hasira nawe, Baba. Zile salamu ulizitoa wapi?

Jumamosi mliyomzika nilikuwa namsomea gazeti bibi wa watu, na tulikuwa tumelipia.

Mwaka wake ukitimia nitakuja. Chakula cha kumkumbuka msipike, nitapika mimi, na viazi nitamenya mwenyewe. Nilimwahidi mwezi mzima, nami nitalala chumbani kwake mwezi mzima.

Godoro lake usimpe mtu.

Mwanao, Seoyul