Visahani vya Fedha na Tupa ya Baba

Chumba cha Kushonea,
Ghorofa ya Pili, Nyumbani.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Vipi afya, na lile goti linalokusumbua kwenye baridi? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, anayekohoa ni cherehani yangu tu.

Najua unangoja habari za macho ya Baba, lakini lazima nianzie kwenye visahani vya fedha, vile vipande vya duara kama sarafu kubwa. Ulinishauri niweke akiba kwenye madini, kwa kuwa yakiwa kabatini hakuna jirani atakayekuja kuyakopa. Nikawa nanunua kimoja kimoja kila nikilipwa ushonaji wa sare, ili nije niviuze Baba apasuliwe mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Kabati lenye kufuli ni la Baba, basi vilikaa humo. Unamjua fundi saa wetu, haamini kitu ambacho hajakiona ndani. Maandishi juu yake yanayosema ni fedha safi hayaoni, basi akachukua tupa akakata ukingo wa kila kimoja, ahakikishe ndani si shaba. Kila kimoja, Kaka! Tena akanijia kifua mbele: "Mwanangu, hawakukuibia. Ni fedha mpaka ndani."

Nilipompelekea aninunulie, sonara alishika kichwa. Vingekuwa vizima angevinunua ili aviuze tena, lakini vilivyokatwa ni vya kuyeyusha, na bei yake ni ya kuyeyusha. Nilibembeleza mpaka mate yakanikauka, nikarudi na pesa ya jicho moja. Sikufichi, nilikasirika, nikalia mpaka nikalowesha kitambaa cha mteja.

Baba akaja akipapasa ukuta. "Unalia nini? Nimewalisha miaka yote kwa jicho moja kwenye kioo cha kukuzia. Hilo lingine nilikuwa nalifumba."

Nilicheka huku kamasi zinanitoka.

Basi wamempasua la kulia, na anaona. Kisahani kimoja nilikuwa nimekibakiza kwa ukaidi tu. Alikiomba, akabandika kile kioo chake cha kukuzia jichoni, akakigeuzageuza dirishani. Kisha akafoka, "Mshenzi gani ameharibu kitu kizuri hivi?"

Kwa ajili ya jicho la pili nimeanza kununua tena. Msalimie wifi, wabusu watoto, na shangazi ukimpigia mwambie tunamkumbuka. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mshona Sare.

Tupa nimeificha. Tangu aanze kuona, ameshaipata mara mbili.