Biskuti za Waseme

Baba,

Majirani zako wameniruhusu niwasomee waraka huu kabla sijaukunja. Wameketi hapa mbele ya mlango wako, mtaani Ziwani, juu ya viti walivyovibeba wenyewe kutoka majumbani mwao. Wengi wao hawakupata kibali cha kusafiri siku ile tulipokupeleka nyumbani kukuzika, maana siku hizi safari ya mtu yeyote ina maswali mengi. Basi wamekuja kukuaga hapa ulipoishi nao. Nimeombwa niseme neno kwa kuwa mimi ni binti yako wa kwanza na ni mwalimu, nami nimeona neno hilo nikuambie wewe, wao wasikie.

Pokea kwanza salamu za Mama. Amebaki nyumbani akipalilia mahindi, kwa sababu magugu hayajui msiba. Alinisindikiza hadi kituo cha gari la moshi, na pale jukwaani hakuniuliza habari za nyumba wala za vyombo vyako. Aliniuliza, "Nani anamlisha Waseme?" Nikamjibu kwamba majirani wanamlisha. Nilisema nilichokiamini.

Wapo hapa waliokufahamu kanisani au kazini tu, nao hawamjui Waseme, kwa hiyo niwie radhi nikiwaeleza. Waseme ni mbwa wako. Jina hilo ulimpa wakati watu walipoanza kunong'ona kwamba mpishi wa Wazungu ameleta mtaani tabia za Wazungu. Kila jioni ulisimama kizingitini ukaita kwa sauti yako ya kanisani, "Waseme! Waseme!" na waliokuwa wakisema wakatazama chini. Baadaye walizoea, na wengine wao ndio hawa waliobeba viti.

Kilichowanong'onesha zaidi ni biskuti. Katika nyumba ile uliyofanya kazi, mbwa wa bibi mwenye nyumba hawakutupiwa makombo. Waliokewa biskuti, na mwokaji ulikuwa wewe. Ukaona kwamba kama mikono yako inaweza kuwaokea mbwa wa mwenzio, inaweza pia kumwokea wa kwako. Ukatengeneza tanuri kwa debe la mafuta ya taa, makaa chini na makaa juu. Ninakukumbuka umekunja mikono ya shati, unakanda unga wa mahindi uliochanganywa na wa ngano kidogo, kwa mchuzi wa mifupa uliopoa hadi mafuta yake yakaganda. Maini uliyachemsha, ukayakatakata mpaka yakawa kama mchanga. Chumvi hukutia. Kitunguu hukukiruhusu hata kikaribie lile sinia, ukisema, "Kitunguu ni raha ya mtu, Rosa, lakini kwa mbwa ni maradhi." Kisha ulisukuma ule unga na kuukata kwa mdomo wa bilauri, na harufu ikatoka, ikawapitia watu wote wa mstari huu wa nyumba.

Jirani mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ameketi hapa na tayari anacheka, alikuuliza siku moja, "Baba Rosa, mbwa wako anakula keki, na mimi nanywa uji wa jana?" Ukamjibu bila kuinua macho kwenye sinia, "Njoo basi ubweke, nawe utapewa."

Mifupa ilitoka kwa Bi Zuhura, jirani yako wa ukuta kwa ukuta. Yeye ni mtu wa sala tano, na mate ya mbwa yakimgusa humpasa kujitoharisha upya. Wewe ulilijua hilo kabla hajakuambia. Ulisimamisha kiambaza kifupi cha mabati kati ya milango yenu ili Waseme asiziguse nguo zake akienda kuswali, naye akaiweka mifupa ya supu yake juu ya kiambaza hicho, katika jani la mgomba. Alizoea kusema, "Mbwa wako ana adabu, Baba Rosa, lakini adabu zake akae nazo huko huko." Hivyo ndivyo mlivyoishi, na sijapata kusikia ugomvi kati yenu.

Hospitalini, siku ya mwisho uliyoweza kusema, uliniambia, "Waseme asilale na njaa." Nilikubali upesi. Niliona umeniomba kitu chepesi, na moyoni nilifurahi kwamba hukuniomba kitu nisichokiweza.

Niliporudi kutoka mazishini nilimkuta amelala juu ya kizingiti chako. Hakuamka. Mbavu zilikuwa zimejitokeza kama mbao za kitanda. Bi Zuhura alitoka, akanipa pole ya kwanza kwa ajili yako na ya pili kwa ajili ya mbwa. "Mwanangu, tumejaribu," akasema. "Mimi nimemwekea mifupa, wenzangu wamempa ugali, wamempa nyama tena nyama nzuri. Ananusa, anageuza uso."

Nilifungua kopo lako. Biskuti zilizobaki zilikuwa zimeokwa na mikono yako mwenyewe, na hizo nazo alizinusa, akageuza uso. Nikadhani zimechacha. Nikawasha makaa, Baba, nikaoka kama ulivyooka. Alikataa. Siku iliyofuata niliongeza maini, alikataa. Nikaongeza mafuta. Nikapunguza mahindi. Kila nilipotoa sinia watu walikuja kutazama, na sidhani walikuja kwa dhihaka, ijapokuwa ulimi wa Ziwani unaujua. Bi Zuhura aliniuliza, "Mwalimu, kesho utampikia pilau?" Na yule jirani wa uji wa jana akadakia, "Akiikataa hiyo, mimi sikatai." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ulipoondoka.

Wazee waliniambia kwa upole kwamba mbwa akifiwa humfuata bwana wake, na kwamba nimwache aende. Nawashukuru, maana walitaka kunipunguzia mzigo. Lakini sikuweza. Nilikuwa nimekupoteza wewe. Nikimpoteza na huyu, nitakuwa nimelipoteza na lile dogo uliloniomba. Na Mama je? Ningemwandikia nini?

Jumamosi alasiri nilioka tena. Nilikuwa nimechoka, nimekaa sakafuni kando yake, biskuti mkononi, nikijiuliza ni kitu gani ulichokitia nami sikukitia. Nikaiuma ili niijue ladha yake. Ilikuwa na ladha ya maini na ya moshi, na haikuwa mbaya. Nilipokuwa nikitafuna, Waseme aliinua kichwa. Hakuutazama mkono wangu, alinitazama kinywani. Kisha akajikokota, akasimama, miguu ikitetemeka kama ya ndama. Nikamnyooshea kipande kilichobaki, chenye alama ya meno yangu. Akakipokea kwa ncha ya midomo. Akala.

Nikauma ya pili, akala nusu yake. Nikauma ya tatu. Tulilimaliza sinia hivyo, mimi na mbwa wako, nikilia na unga kinywani, nikiogopa kumeza haraka asije akabadili nia.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni kwake akitazama yote. "Kumbe ndivyo!" akasema. "Baba yako hakumpa kitu kabla hajakiuma mwenyewe. Mimi nilidhani mzee wa watu ana njaa, kila siku anakula na mbwa, ndipo nikawa namwekea na chapati." Nami nilikuona ukiuma, Baba. Nilidhani unaonja kama mpishi aonjavyo.

Ndipo akanieleza mambo ya ule mwaka nilipokuwa chuoni. Wezi walikuwa wakitupa nyama yenye sumu katika nyua za mstari wa pili kabla ya kuvunja milango, na asubuhi watu walikuta mbwa wao wamekauka. Hapo sote wawili tukaelewa: wewe hukumfungia Waseme ndani. Ulimfundisha. Chochote ambacho hakijaumwa na mtu mbele ya macho yake, kikiwa nyama au mfupa, asikiguse. Na alijifunza vizuri kupita ulivyokusudia, hata ulipoondoka akawa anakufa kwa kukutii.

Nilikaa sana nikilifikiri jambo hilo, kwa sababu nalijua lilikotoka. Kwetu, mwenye chungu ndiye anayekunywa kwanza. Mgeni hapewi kibuyu ambacho mwenyeji hajakionja mbele yake. Akipewa hivyo, ana haki ya kukirudisha na kwenda zake, na hakuna atakayemlaumu. Hiyo ni heshima ya mgeni, Baba, nawe ukampa mbwa. Katika ile nyumba kubwa ulipika miaka mingi, na mezani hukuketi hata mara moja. Hapa kizingitini ulipata wa kula naye.

Siwezi kubaki Ziwani. Shule yangu inanisubiri, na nyumba hii itarudi kwa wenyewe wapewe watu wengine. Hilo lilinitia hofu mpya: ikiwa Waseme hali chakula ila niumapo mimi, nitamwachia nani? Jawabu lilikuja juzi, nilipochelewa mjini kufuatilia kibali cha safari. Nilirudi mbio nikijua ana njaa. Nikamkuta Bi Zuhura amesimama upande wake wa kiambaza, ushungi ameufunga barabara, biskuti mkononi. Alisema bismillahi, akaiuma kwa meno ya pembeni, akakunja uso, akaitupa ng'ambo. Waseme alimtazama, akaiokota, akaila. "Nimekula, naye amekula," Bi Zuhura akaniambia. "Lakini asinilambe." Nikajua kwamba meno ya Mama nayo atayakubali.

Bi Zuhura, simama watu wakuone. Mnaona, hataki. Basi mkae mkijua kwamba ameketi hapo nyuma, na kwamba sitapata neno la kumshukuru linalotosha.

Baba, kesho napanda gari la moshi, na Waseme atasafiri katika behewa la mizigo. Mlinzi wa gari amekubali, na vituoni nitashuka nimwone. Debe la tanuri limefungwa kamba na linakwenda nalo. Nitamwonyesha Mama kiasi cha unga, na namna ya kuukata kwa mdomo wa bilauri. Meno yake ya mbele hayapo, wewe wajua, kwa hiyo nitamlowekea biskuti katika chai mpaka ilainike.

Kwaheri, baba yangu. Umelala pazuri, penye kivuli na watu wako. Nakuahidi jambo hili mbele ya majirani zako wote, ili nikilivunja wanidai: tutaketi chini uani, watatu, karibu na ulipo. Nitauma mimi, atauma Mama, na kitakachobaki kitakuwa cha Waseme.

Ni mimi binti yako,
Rosa